Mkono Ndani ya Udongo

Baadhi ya mita za umeme za tokeni, zikifunguliwa kifuniko na mtu asiyeruhusiwa, hukata stima na kuandika kwenye kioo neno moja la Kiingereza: tamper. Mjini Nakuru neno hili halihitaji tena mwalimu. Mpangaji wa Kaptembwo na mwenye nyumba wa Milimani, huko juu kuelekea mteremko wa Menengai, wakimwambia fundi kwamba mita imeandika tamper, wote watatu wanaelewana kwamba kuna mkono uliopita mahali usipotakiwa kupita. Lakini ukiwataka waliseme jambo hilo kwa Kiswahili, kila mmoja atakuja na lake. Huyu atasema mita imechezewa, yule atasema imeguswa, mwingine imevurugwa, na mwenye haraka atasema tu kwamba stima imeibwa. Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha. Tunapokosa jina la kosa la kutia mkono kwa hila, tunakimbilia wizi, na kimbilio hilo limetugharimu sisi wa Bonde la Ufa la kati kuliko tunavyopenda kukubali.

Neno tamper lilionekana katika maandishi ya Kiingereza karne ya 16, na wachunguzi wa asili ya maneno wanalihesabu kuwa pacha wa temper, ambalo midomo ya mafundi ililitamka kwa namna yake. Temper nalo lilitoka katika Kilatini, temperare, yaani kuchanganya kwa kadiri inayofaa. Kazi ya tamper mikononi mwa mafundi ilikuwa ya udongo: kuutia maji, kuukanda na kuukanda tena mpaka uwe kitu kimoja. Kutoka hapo likahamia kwa mtu anayetia mkono katika mambo yasiyo yake, anayekanda njama, anayemshughulikia shahidi gizani mpaka alainike. Pacha mmoja alibaki na heshima yake na mwingine akapotoka. Wanaakiolojia hadi leo huita temper ule mchanga, au vigae vilivyosagwa, ambao mfinyanzi huutia katika udongo ili chungu kisipasuke motoni. Nakuru tunavyo vigae vya kale vyetu wenyewe, katika kilima cha Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na kukuta makazi na makaburi ya vizazi mbalimbali, mengine ya maelfu ya miaka. Mfinyanzi wa kale alijua kwamba udongo mtupu humwangusha fundi, akauchanganya, na chungu kikafaa. Kwa hiyo kuchanganya peke yake hakuna ubaya. Ubaya huingia pale kadiri inapovunjwa kwa siri, mpokeaji akapewa chungu ambacho angekikataa kama angeona kilivyokandwa.

Kiswahili hakikungoja Kiingereza ili kupata picha hii. Tunalo neno kughushi, ambalo siku hizi tunalitumia zaidi kwa vyeti, sahihi na noti za benki. Asili yake ni Kiarabu, ghashsha, na huko maana ya kudanganya imekaa bega kwa bega na maana ya kuharibu bidhaa kwa kuichanganya, kama maziwa kutiwa maji. Masimulizi yanayofahamika na Waislamu wengi yanamweleza Mtume Muhammad akipita penye fungu la nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu chini ya ukavu wa juu. Ni simulizi fupi yenye jambo kubwa, maana mkono uliogundua ulilazimika kupita njia ile ile iliyopitwa na mkono uliodanganya. Katika nchi ya maziwa kama hii yetu, ambako kampuni ya maziwa ya KCC ilianzia Naivasha mwaka 1925, jambo hilo halina haja ya mfasiri. Kwenye vituo vya kukusanyia maziwa kuanzia Molo hadi Bahati, karani huchovya laktomita kabla ya kuyamwaga maziwa ya mkulima kwenye tangi. Kipimo kikizama kupita alama yake, maziwa hukataliwa papo hapo mbele ya foleni. Hufanywa kabla, kwa kuwa yakishamwagwa hakuna tena maziwa ya Wanjiru wala ya Chebet. Kuna tangi moja tu, na ubaya wa debe moja umekuwa ubaya wa wote.

Neno la tatu ni changa kuliko hayo mawili. Nchini Tanzania, kuchakachua kulijulikana kwanza kwenye biashara ya mafuta. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo ili maskini wapate kuwasha kibatari na jiko, na tofauti hiyo ya bei ikawapa baadhi ya wafanyabiashara sababu ya kuyachanganya na petroli au dizeli. Ulipofika Uchaguzi Mkuu wa 2010, neno likaruka kutoka kituo cha mafuta hadi kituo cha kura. Watu wakaanza kusema kura zimechakachuliwa, wakiwa na picha kamili vichwani, kwamba kitu halali kimetiwa kisicho halali na sasa kimiminika kina rangi moja. Likavuka mpaka, na leo Wakenya tunalisikia redioni na kulisema wenyewe. Sikio la Mswahili hulipokea kirahisi, kwa kuwa mwishilio wa -ua umezoeleka kwa kutendua: ziba, zibua, tega, tegua. Nakuru ina sababu ya ziada ya kulipokea. Bomba la mafuta litokalo Mombasa lina bohari hapa, mtaa mzima umebeba jina la Pipeline, na malori ya mafuta ya kwenda Uganda hupita mlangoni petu usiku na mchana. Makanika wa hapa wanaijua injini iliyonyweshwa mafuta machafu kwa mlio wake kabla hawajafungua boneti.

Lugha tatu zisizo za ukoo mmoja, katika karne mbalimbali, zilipotaka kuita uingiliaji wa hila zilikwenda kwa mtu anayechanganya. Mmoja alikuwa na udongo, mwingine nafaka na maziwa, wa tatu petroli. Hakuna iliyokwenda kwa mtu anayebeba kitu na kukimbia. Nadhani zilikuwa sahihi, na kwamba sisi, tuliojizoesha kusema kura zimeibwa, tumekuwa tukiitazama hasara yetu kupitia dirisha lisilolingana nayo. Mwizi wa kuku huacha banda likiwa na upungufu. Ukihesabu asubuhi utajua. Anayechanganya huacha chombo kikiwa kimejaa, mara nyingi kimejaa zaidi ya kilivyokuwa. Chukua mfano wa karibu, jimbo la Molo, katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2007. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema kwamba kura za Rais Mwai Kibaki zilizotangazwa jimboni mbele yao zilikuwa 50,145, na zilizosomwa Nairobi kwa jimbo lile lile zilikuwa 75,261. Tofauti ni 25,116. Sijengi hoja yangu juu ya dhana kwamba waangalizi hawawezi kukosea. Najenga juu ya jambo ambalo hata anayewapinga atalikubali: mara hesabu mbili za jimbo moja zilipokuwa zinatembea nchini, hakuna kura ya Molo iliyobaki na uzito wake. Yule mzee wa Elburgon aliyepanga foleni alfajiri akampigia Kibaki, na yule kijana jirani yake aliyempigia mpinzani, Raila Odinga, wote wawili walirudi nyumbani na kitu ambacho hakingeweza tena kupimwa.

Tume iliyouchunguza uchaguzi huo chini ya Jaji Johann Kriegler, ambayo ripoti yake ilitoka Septemba 2008, iliukaribia ukweli huu zaidi ya wanasiasa wa pande zote. Haikuona ushahidi wa udanganyifu uliotendeka katika ukumbi wa kujumlishia kura wa KICC, ambao ndio uliotupiwa lawama zote. Ilielekeza macho kwenye vituo vyenyewe, hasa ngome za pande zote mbili, ambako masanduku yalijazwa kura huku mawakala wa upande wa pili wakiwa hawapo au wamefukuzwa, kisha kwenye makosa ya kunakili na kujumlisha ambayo yalikuwa mengi kupita kiasi. Hitimisho lake likawa kwamba matokeo yamechafuka kiasi ambacho si tume hiyo wala mtu mwingine yeyote angeweza kusema nani alishinda. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alikuwa amekwisha kukiri mapema Januari kwamba hajui kama Kibaki ameshinda. Wengi walikasirishwa na ripoti hiyo. Waliokuwa na hakika ya kuibiwa waliona imewafichia mwizi, na waliotangazwa washindi waliona imewanyima ushindi wao. Hasira hizo zote zilitoka katika neno moja. Kama kosa ni wizi, basi tume iliyoshindwa kumtaja mwizi na kuirudisha mali imeshindwa kazi. Kama kosa ni kuchakachua, tume ilisema kile ambacho makanika mwaminifu angesema juu ya tangi la mafuta: siwezi kukutenganishia petroli yako, na aliyekuambia anaweza anakudanganya.

Lakini gharama kubwa ya neno wizi haikuwa kwenye ripoti. Wizi una mambo matatu yasiyoachana, mwenye mali, mali yenyewe, na mtu anayeishikilia sasa hivi. Ukisema umeibiwa, umekwisha kusema kwamba kitu chako kiko mahali fulani, ndani ya nyumba ya mtu. Na katika miji yetu, ukelele wa mwizi haujawahi kuwa maelezo tu. Ni wito, na kila aliyekulia mjini anajua wito huo huleta mawe kabla ya polisi. Katika wiki zile za mwanzo wa 2008, kilio cha kura zilizoibwa kilishuka kutoka kwa wagombea hadi kwenye vichochoro, na huko hakikuweza kumfikia aliyejaza fomu. Kilimfikia jirani. Aliyepiga kura upande ulioitwa mshindi akatazamwa kama mpokeaji wa mali ya wizi, ingawa hakupokea chochote na kura yake mwenyewe ilikuwa imezamishwa katika tangi lile lile. Kisha kisasi kikawa na zamu yake. Nakuru iliwaka kuanzia Januari 24, Naivasha siku chache baadaye, na huko watu walichomewa ndani ya nyumba. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133, na wengi wao walikufa katika bonde hili. Sisemi neno liliwaua. Ardhi, ukabila uliochochewa kwa makusudi, machafuko ya 1992 na 1997 ambayo hayakuadhibiwa, hivyo vyote vilikuwapo kabla. Nasema neno liliionyesha hasira nyumba ya kwenda, na ilikuwa nyumba isiyohusika.

Kuna pingamizi la kweli hapa, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema kuchakachua ni neno jepesi la mitaani, karibu la mzaha, na kwamba kulitumia mahali pa wizi ni kumpunguzia mkosaji adhabu. Mtu aliyepora haki ya mamilioni aitwe mwizi, wanasema, asibembelezwe kwa msamiati. Wanaweza kutaja uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walisimama foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, na aliyekuwa na foleni fupi akatangazwa mshindi. Pale hakuna kilichochanganywa, ni uporaji mtupu, na Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri Desemba mwaka huo akilalamikia uchaguzi wa chama. Nakubali mfano huo. Mlolongo ulikuwa unyang'anyi wa wazi, ndiyo maana kila aliyesimama kwenye foleni alijua ukweli palepale, na hakuna tume iliyohitajika kumwambia. Hata hivyo mfano huo unanisaidia mimi. Uchaguzi uliokuja baadaye, wa sanduku na karatasi ya siri, ulimlazimisha mwenye hila kubadili ufundi, na sisi hatukubadili neno. Kuhusu wepesi, sikubali. Anayechakachua humdhulumu kila mtu aliyetia kitu chake chomboni, akiwamo yule anayejidai kumsaidia. Mwizi humdhulumu mmoja. Kama sheria ingepima adhabu kwa idadi ya waliodhulumiwa, mchakachuaji ndiye angefungwa miaka mingi.

Wengine watasema asili ya neno si maana yake, na hapo wana haki. Mkenya anayesema tamper hafikirii udongo, kama vile anayesema kughushi hafikirii unyevu wa nafaka. Lakini mimi sisemi kwamba maneno yanatawaliwa na mababu zao. Ninachosema ni kwamba picha iliyo ndani ya neno huamua tutatafuta ushahidi wapi na tutaweka ulinzi wapi. Anayeogopa wizi huweka mlinzi, na kwa miaka mingi ulinzi wa kura zetu ulikuwa wa namna hiyo: askari mlangoni, lakiri kwenye sanduku, msafara wa magari usiku. Sanduku likafika salama na hesabu ikaharibika. Anayeogopa mchanganyo hufanya kama karani wa maziwa, hupima kila debe kabla ya kumwagwa na kuandika kipimo mahali ambapo wote wanaona. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa jimboni ni ya mwisho na Nairobi haina mamlaka ya kuyabadili. Miaka kumi baada ya Molo, hiyo ilikuwa laktomita. Septemba 1 mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na sehemu ya sababu zake ni kwamba tume ya uchaguzi haikuifungulia mitambo yake ya kompyuta kama ilivyoamriwa. Majaji hawakusema fulani ameiba kura kadhaa. Walisema, kwa kadiri ninavyowaelewa, kwamba tangi lisilokubali kupimwa haliwezi kuuzwa kama safi. Na mwaka 2022, fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, hata kinyozi wa Nakuru akaweza kujumlisha mwenyewe kwa simu yake. Mahakama ilipoukubali uchaguzi ule Septemba 5, wengi hawakufurahi, lakini mabishano yalikuwa na karatasi za kushikwa.

Lipo pingamizi ambalo linanisumbua zaidi, nalo ni kwamba vita dhidi ya kuchanganya huweza kumwumiza asiyechanganya. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe tena rahisi kuliko dizeli na kishawishi kiishe. Tanzania ilikuwa imepandisha ushuru wake kwa nia hiyo hiyo mwaka 2011. Mchanganyo ulipungua, na mama wa mtaa wa Rhonda hapa Nakuru anayepikia jiko la mafuta akalipia kosa la mfanyabiashara ambaye hajawahi kumwona. Kosa la sera hiyo naliona katika shabaha yake. Ni sawa na karani wa maziwa kupandisha bei ya maji badala ya kuchovya laktomita, ilhali kipimo kilikuwapo tayari, kwa kuwa mafuta ya taa huwekewa alama ya kikemikali inayoweza kutambuliwa ndani ya petroli. Mwaka 2024 tuliona upande mwingine wa jambo hilo, pale magunia yaliyouzwa kwa jina la mbolea nafuu kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka yalipobainika kuwa na kitu kisichofaa shamba. Kipimo kilikuja baada ya mahindi kupandwa. Serikali iliahidi fidia, lakini msimu wa mvua haufidiwi, na mkulima wa Njoro aliyenunua mbolea halisi siku hiyo hiyo naye alianza kuitilia shaka yake.

Shaka hiyo ndiyo mabaki ya kila mchanganyo, na ndiyo sababu wakati una uzito mkubwa kuliko adhabu. Waswahili husema udongo uwahi ungali maji. Jioni ya Desemba 30, 2007, Kibaki aliapishwa Ikulu muda mfupi tu baada ya kutangazwa, jua likizama, wakati hesabu za majimbo kadhaa bado zinabishaniwa. Chungu kilitiwa motoni kabla ya mtu kuingiza mkono ndani ya udongo. Katiba ya 2010 imeweka siku saba za kuwasilisha kesi na siku 14 za Mahakama ya Juu kuiamua, na hakuna kiapo kabla ya hapo. Ni siku chache, na mawakili hulalamika kila mara, lakini ni siku ambazo udongo bado ni maji. Uchaguzi ujao wa 2027, kwenye mlango wa darasa la shule ya msingi huko Molo, afisa atabandika tena nakala ya fomu 34A kabla ya kuondoka na sanduku. Atakayepita usiku huo na tochi ya simu, akasimama, akanakili tarakimu zile kwa mkono wake, atakuwa anafanya kazi ya ule mkono uliozama katika fungu la nafaka.